Mkaja Chini ya Jezi

Ninaacha kazi nikiwa sina mvi hata moja, na najua wengi wenu hamtaniamini nikiwaambia sababu. Kwetu mtu akiacha kazi ya serikali angali kijana, husemwa kafukuzwa au kapata mume wa Uarabuni, na wapo wanaosema yote mawili. Basi nitalisema mara moja. Mama yangu yuko Mgogoni, miguu yake haimchukui tena, na katika watoto wake wote mimi ndiye niliyesomea kumsimamisha mtu. Ningeona haya kuwasimamisha wazazi wa watu na kumwacha wangu kitandani.

Nyinyi mnaobaki katika chumba cha tiba ya viungo mmeniomba niandike niliyoyaona. Vyeo sitavitaja, nilipata kimoja, na tofauti yake ilikuwa ufunguo wa kabati. Nitaandika juu ya shaka, kwa sababu ndiyo iliyonilea kazini, na kwa sababu chuoni hatukufundishwa. Chuoni tulifundishwa kumsikiliza mgonjwa. Hapa nilijifunza kwamba unaweza kumsikiliza kwa heshima zote, ukamwitikia, ukamshukuru, na bado usiamini hata neno moja mpaka mwili wake utoe ushahidi.

Siku yangu ya kwanza, aliyeshuku alikuwa mgonjwa. Mzee mmoja aliyepooza upande aliletwa na wanawe wawili. Akaniangalia kutoka ukosi wa koti mpaka viatu, kisha akawauliza wanawe kana kwamba mimi sisikii:

"Yuno ndiye mkandaji wa serikali?"

"Ni daktari wa viungo, baba."

"Umesoma wapi kukanda?" akaniuliza mimi sasa.

Nikamjibu kwa adabu kwamba nimesoma chuo miaka kadhaa, na kwamba kukanda ni sehemu ndogo tu ya kazi yangu.

"Miaka yote hiyo! Bibi yangu kakanda watu mpaka kufa kwake, na kalamu hakupata kuishika."

"Na wewe alikukanda ukapona?"

"Mie hakunikanda," akasema mzee. "Alikuwa hanipendi."

Tulifanya kazi pamoja kwa muda mrefu, mimi na mzee yule. Alipoanza kutembea kwa mkongojo, aliwaeleza watu kwamba ni dua za mkewe. Sikumpinga. Jifunzeni mapema kwamba sifa haigawiwi kwa haki, na kwamba mgonjwa anayetembea ametosha.

Baadaye nilianza kuitwa wodi ya wazazi. Aliyeniita alikuwa Bi Zuwena, muuguzi mkunga aliyesimamia wodi ile, mwanamke mrefu aliyezungumza polepole na kukasirika polepole zaidi. Alinieleza kwamba wanawake wanajifungua, wanaruhusiwa, kisha hawaonekani tena mpaka mimba nyingine. Katikati ya hapo kuna nini, hakuna anayejua. "Wakiulizwa, wanasema hawajambo," aliniambia. "Mwanamke wa hapa atakwambia hajambo mpaka umzike. Usimuulize kama ana tatizo. Hilo ni swali la kumfukuza."

"Nimuulize nini?"

"Muulize kama udhu wa Magharibi unamfikisha Isha."

Nililitafakari swali lile. Mwanamke ambaye mkojo unamtoka bila kutaka hatasema mkojo unamtoka. Lakini huyo huyo anajua, tena kwa uchungu, kwamba hawezi kukaa na udhu hata kwa muda ule mfupi wa jioni; akipiga chafya au akimnyanyua mtoto, anarudi kutia udhu upya. Swali la Bi Zuwena halikumvua mtu nguo. Lilimwacha mwanamke na heshima yake, na likaniletea jibu. Tangu nianze kuliuliza, niligundua kwamba wanawake niliowaandika kuwa wazima walikuwa nusu wazima.

Hapa niweke yale ambayo kila mmoja wenu lazima ayajue, maana wanawake wanaotaka kurudi kwenye mazoezi baada ya kuzaa wanaongezeka, alhamdulillahi, na vikundi vya mazoezi vya asubuhi vimefika hata vijijini. Chini ya tumbo pana misuli iliyotandikwa kama jamvi, inabeba kibofu, kizazi na njia ya haja kubwa. Mimba inailemea na uzazi unaivuta. Mshono wa upasuaji nao hauisamehe. Aliyezaa kwa kisu alibeba mimba ileile, na juu yake ana kidonda. Misuli hii haionekani, kwa hiyo hakuna anayeihurumia. Mwanamke akirudi kutembea mapema, taratibu, ni jambo jema. Akirudi kukimbia na kuruka kabla ya miezi kama mitatu, na kabla misuli hiyo haijajua tena kukaza na kulegea, kila hatua inamshukia chini kama mchi. Akihisi uzito sehemu za siri, kama kitu kinataka kutoka, au mkojo ukamponyoka, au damu iliyokwisha kukatika ikarudi, au maumivu ya nyonga yakamkamata, mwili unamwambia asimame. Ukimpa tarehe bila kumpa dalili hizo, umempa kalenda tu.

Haya nilikwisha kuyajua vizuri wakati Mize alipoletwa kwangu.

Mize alikuwa mwalimu wa skuli huko Gando, na kabla ya ndoa na baada yake alikuwa mkimbiaji. Wengi walimjua kwa mguu wake mrefu na kwa jezi ya mikono mirefu aliyoivaa na mtandio uliobanwa kwa pini. Alikuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza. Arobaini imepita, na mtoto anakaribia miezi mitatu. Mchujo wa kuchagua wanawake wa kwenda kukimbia Unguja ulikuwa unakaribia, na mwalimu wao wa mazoezi, Khatib, alikuwa amemwambia waziwazi: daktari wa viungo akisema amepona, anaingia, asiposema, nafasi inakwenda kwa mwengine. Mize aliingia chumbani kwangu akitaka neno moja tu. Nami nikijua kwamba neno hilo nikilitoa kabla ya wakati, kizazi chake kinaweza kushuka, akaja kuishi nacho hivyo katika kila ndoo atakayonyanyua na kila mtoto atakayembeba.

Hakuja peke yake. Alikuja na mama mkwe wake, Bi Time, mwanamke mfupi mwenye kanga zilizopigwa pasi mpaka ncha, aliyekaa kwenye kiti changu bila kukaribishwa na kumpakata mtoto kama mwenye mali.

"Sabalkheri, Bi Time. Mize, hujambo? Kunyonyesha kunakwendaje?"

"Ananyonyesha vizuri," akajibu Bi Time. "Anakula vizuri. Analala anapolala mtoto."

"Na wewe Mize, unajisikiaje?"

"Sijambo, daktari."

"Hajambo," akathibitisha Bi Time, kisha akaongeza: "Lakini mie nauliza, kwani lazima akimbie? Kuna mtu anamfukuza?"

Mize akatabasamu kwa mdomo, macho hayakushiriki. Nikaanza vipimo. Alitembea vizuri. Alisimama kwa mguu mmoja, kisha wa pili, bila kuyumba. Alikaa na kuinuka kitini bila mikono. Nikamwambia arukeruke papo hapo, na hapo nikaanza kuona. Aliruka kwa midomo iliyofumbwa na pumzi iliyobanwa. Nikamwambia akohoe, kabla hajakohoa alizikutanisha nyayo na kubana mapaja. Nikamwambia alale kitandani nipime kama misuli ya tumbo imeachana katikati. Akasema mtoto atalia, hali mtoto alikuwa amelala kwa bibi yake kama mtu aliyelipwa alale. Nikamgusa tumbo juu ya baibui: gumu kama ubao. Tumbo la mwanamke wa miezi mitatu baada ya uzazi haliwi hivyo.

Na kuna jambo jengine. Ilikuwa saa ya jua kali, wametembea kutoka njia kuu, na midomo ya Mize ilikuwa imekauka. Nikampa maji. Akayapokea, akayashika, akashukuru, akayaweka chini. Mwanamke anayenyonyesha huwa na kiu ya kumaliza mtungi. Nikaliuliza swali la Bi Zuwena.

"Unanifikisha," akajibu Mize haraka.

Bi Time akarekebisha mtandio wake na kugeukia dirishani.

Naam, nikamshuku Bi Time. Ilikuwa shaka rahisi: mama mkwe asiyetaka mke wa mwanawe aonekane barabarani kwa jezi, anayejibu kila swali, anayegeuka swali linapokaribia. Mize naye aliniongezea kuni. Walipokuwa wanaondoka alichelewa mlangoni na kuninong'oneza: "Mama hataki nikimbie, daktari. Anaona haya. Usimsikilize. Wewe mwambie Mwalimu Khatib tu kwamba nimepona, basi."

Nikamwambia arudi wiki ijayo, na kwamba safari hiyo atalala kitandani.

Aliporudi nilimwomba Bi Time asubiri nje na mtoto. Mize alivua baibui. Chini ya baibui jezi. Chini ya jezi nikaona mkaja.

Hakuna haja ya kuwaeleza mkaja ni nini; mama zenu walifungwa, na nyinyi mtafungwa. Kitambaa cha kumkaza mzazi tumboni katika siku za arobaini kina faida zake kikifungwa kwa kiasi: kinamtuliza, kinamkumbusha mgongo, na kinawapa wanawake wa nyumba sababu ya kumgusa na kumhudumia. Lakini huu ulikuwa bafta nyeupe iliyozungushwa mara nyingi na kukazwa mpaka ukaacha alama kwenye ngozi. Chukueni puto lililojaa maji, mlibane katikati kwa mkono. Maji hayaendi popote isipokuwa juu na chini. Chini ndipo palipo misuli ile iliyochoka. Sasa mchukueni mwanamke huyo mkimbize. Sijui kama wako wakimbiaji wengine duniani wanaofanya kosa hili, la kufunga kitambaa cha arobaini chini ya jezi ya mashindano. Sisi tunalifanya, kwa sababu tumelelewa kuamini kwamba tumbo lililofungwa ni tumbo lililopona.

Nilitoka nje. Bi Time alikuwa kwenye benchi la ukumbi.

"Bi Time, samahani. Mkaja huu bado unamfunga kwa nini?"

"Mkaja upi?"

"Aliovaa sasa hivi."

 Akasimama, akanishika kiwiko na kunivuta mpaka stoo ya magongo, akaufunga mlango.

"Mkaja wangu niliufungua zilipotimia arobaini," akasema. "Niliufua, nikauanika, nikauweka sandukuni. Siku moja nafungua sanduku, haumo. Nikanyamaza. Kila sala anatia udhu mpya. Nikanyamaza. Kanga zake anazifua mwenyewe kabla ya Alfajiri, na kuzianika nyuma ya choo pasipo jua. Nikanyamaza vilevile."

"Kwa nini hukuniambia tangu mwanzo?"

"Mwanangu, mimi ni mama wa mume. Nikisema mie kwamba mke wa mwanangu mkojo unamtoka, nyumba imevunjika. Ataona namtafutia kasoro. Mume wake atasikia, au hatasikia, lakini mwanamke yule hataniamini tena maisha. Ukisema wewe, ni dawa. Ndiyo maana nikamleta. Ndiyo maana nikakaa mle ndani."

"Ulikuwa unajibu maswali yote wewe!"

"Niliyajibu yale mepesi," akasema Bi Time. "Hilo zito nilikuachia."

Sikumwamini moja kwa moja. Nawaambia ukweli, hata leo siwezi kuapa kwamba hakufurahi walau kidogo kupata sababu ya kitabibu ya kumzuia Mize asikimbie. Mtu anaweza kuwa na huruma na kutaka mambo yake kwa wakati mmoja. Wengi wetu ndivyo tulivyo. Lakini nilirudi chumbani nikiwa na hakika kwamba aliyekuwa ananificha alikuwa kitandani kwangu.

Mize alikuwa amekaa, ameulegeza mkaja na kujifunika jezi.

"Mama kakwambia nini?"

"Mimi nimeuona mkaja," nikamjibu. "Hilo linanitosha kuuliza."

Akainama. "Nikikimbia bila mkaja, tumbo linatikisika kana kwamba si langu. Nikiufunga najihisi mimi."

"Na mkojo?"

Nilingoja. Kimya chetu sisi waganga huwa hakidumu. Tunakijaza maneno kwa woga. Safari ile sikukijaza.

"Matone tu," akasema.

"Matone yanayokufanya usinywe maji hali unanyonyesha?"

"Daktari, mchujo uko karibu. Niambie tu, naingia au siingii?"

"Huingii."

Sitasahau alivyosimama. Hakupiga kelele, alifunga mkaja upya mbele yangu, kwa makusudi, akaukaza kwa kuung'ata ncha, akavaa baibui. "Basi mmeshapanga, wewe na yeye," akasema. "Kakupa nini?"

Kwa muda fulani nilisikia majibu ya swali hilo kutoka kila upande. Ilisemwa Bi Time kanipelekea gunia la karafuu. Ilisemwa nina ndugu yangu mkimbiaji ninayemtafutia nafasi. Ndugu yangu wa karibu zaidi katika michezo ni mjomba anayecheza bao. Kisha Mwalimu Khatib akaja mwenyewe, amevaa trakisuti na filimbi shingoni kana kwamba hospitali nayo ni uwanja.

"Daktari, umenirogea timu yangu."

"Karibu kiti, Mwalimu."

"Mize anatembea mzima, anapanda kilima mzima, wewe unasema siyo. Nini kinamuuma? Goti?"

"Siwezi kukwambia."

"Mgongo?"

"Ni siri ya mgonjwa, Mwalimu."

Akapunguza sauti. "Ana mimba nyengine?"

"Mwalimu Khatib!"

"Basi ndivyo watu watakavyosema, daktari. Ukifunga mlango, watu wanachungulia dirishani."

Alisema kweli, na ndivyo watu walivyosema. Siri niliyomtunzia Mize ilimletea uvumi, na sikuwa na namna ya kuukana uvumi bila kuivunja siri. Mtakutana na jambo hili. Msitafute njia ya katikati, kwa kudokeza, kwa kukonyeza, kwa kutaja ugonjwa mwengine wa uongo ulio na heshima zaidi. Kaeni kimya na mvumilie kuitwa wachawi.

Mchujo ulifanyika bila Mize. Baada ya hapo sikumwona, na nilihesabu kwamba nimempoteza. Ndipo asubuhi moja nikamkuta kwenye benchi kabla sijafungua mlango, peke yake, bila Bi Time na bila mtoto. Hakunisalimu. Alisema: "Nilikwenda kukimbia. Peke yangu, baada ya Alfajiri, njia ya Gando. Kitu kikashuka."

"Kikashuka vipi?"

"Kama nimekaa juu ya yai." Macho yake yalijaa. "Niambie kama nimejimaliza, daktari. Nina umri gani mimi?"

Nilimpeleka kwa Bi Zuwena, kwa idhini yake, akapimwa mlango umefungwa na pazia limevutwa. Bi Zuwena alitoka akinawa mikono. Kizazi kilikuwa kimeshuka kidogo, akasema, si sana. Na mwanamke akiwa mvumilivu, kuna kazi ya kufanya. Mize alimuuliza kama atakimbia tena. Bi Zuwena akamjibu kwamba yeye ni mkunga, si mtabiri wa nyota, na akanionyesha mimi kwa kidole.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kuchosha kwa udogo wake, na ndiyo sababu wengi huiacha. Kwanza mkaja ulifunguliwa. Kisha tukaanza na pumzi: kuvuta, kulegeza chini, kutoa, kukaza chini kama mtu anayezuia mkojo na upepo kwa pamoja, bila kubana makalio, bila kuziba pumzi. Akiwa amelala, kisha amekaa, kisha amesimama. Sikumpa zana za chuoni kwa sababu nyumbani hakuwa nazo. Tulitumia mbuzi ya nazi: kukaa chini kule na kuinuka, akitoa pumzi anapoinuka. Tulitumia ndoo: kwanza tupu, kisha ya nusu, na kila mara pumzi inatoka kabla ndoo haijaondoka chini. Maji alikunywa. Alimnyonyesha mtoto kwanza ndipo atoke kutembea, matiti yasiwe mazito. Alitembea kwenda skuli na kurudi, tambarare, kisha kupitia kilima. Alipoweza kutembea kwa kasi na kurukaruka bila uzito na bila tone, tukaanza kuchanganya: anakimbia kidogo, anatembea zaidi.

Bi Time naye alibadilika, au niseme alijipangia upya mambo yake. Ndoo zilizojaa alizibeba yeye, na jirani alipomuuliza mke wa mwanawe yuko wapi, alijibu kwamba yeye Bi Time ameambiwa na daktari abebe maji kwa ajili ya bega lake. Mimi bega lake sijapata kuliona. Mize aliponisimulia, alicheka kwa mara ya kwanza katika chumba changu.

"Anajua, siyo?" akaniuliza.

"Anajua nini?"

"Daktari, na wewe!"

Sikujibu. Akalichukua hilo kuwa jibu, na sikumzuia.

Lakini shaka yangu haikuondoka, na hapa nataka mnielewe vizuri. Kila wiki Mize alikuja, kila wiki nikamuuliza, na kila wiki akajibu: "Sijambo. Hakuna kitu. Safi." Nami nikampima upya kila kitu kana kwamba hajasema. Misuli ilikuwa inapata nguvu, hilo niliona. Lakini mwili unaopona huwa na siku mbaya, na mtu asiyekuwa na hata siku moja mbaya ananificha. Alikuwa amejua sasa ni majibu gani yanafungua mlango. Nilimwambia waziwazi: "Mize, mimi siogopi kizazi chako. Naogopa ulimi wako. Siku ukiwa barabarani mimi sipo, Bi Zuwena hayupo, na kitu kikaanza kushuka, ni nani atakayekusimamisha?" Akasema nitamtesa kwa wasiwasi wangu mpaka mtoto aote meno. Mtoto, kwa kweli, alikwisha kuota.

Yakatangazwa mashindano mengine, na Mwalimu Khatib akanijia tena. Safari hii alitaka tukubaliane: Mize akimbie na kikundi Jumapili asubuhi, njia ya Gando kwenda na kurudi, mwendo wa wote, bila kushindana, na yeye atakimbia nyuma yake. Akimaliza salama, ataandikwa. Nilikubali, lakini nikasema nitakuwepo.

Mvua ilikuwa imenyesha usiku na barabara inang'aa. Nilisimama mwisho wa njia, mahali walipokuwa wamepanga kumalizia, pamoja na Bi Time aliyembeba mtoto na ambaye, alisema, alikuwa anapita tu. Wanawake wakatokea kwenye kona wakiimba, jezi za kila rangi, mitandio imelowa jasho, wakitaniana nani ana pumzi na nani ana mdomo. Mize hakuwa nao. Bi Time akambadilisha mtoto bega. Nikahesabu vichwa tena. Kisha wakatokea wawili nyuma kabisa: Mize anakimbia polepole, na Khatib nyuma yake ameinua vidole gumba vyote viwili.

"Kaimaliza yote, daktari!" akapiga kelele kabla hajafika. "Yote! Nimekuwa nyuma yake hatua kwa hatua. Mzima kama chuma!"

Wanawake wakapiga vigelegele. Nikamwendea Mize. Alikuwa ameinama, mikono magotini, anapumua kwa mdomo wazi.

"Habari ya njia?"

Akainua uso. Akamwangalia Khatib, akamwangalia mkwewe, kisha akaniangalia mimi.

"Muongo huyu," akasema. "Nilitembea."

"Mize!" akasema Khatib.

"Nilitembea, Mwalimu, na wewe ulitembea nyuma yangu. Pale kwenye kilima baada ya msikiti. Uzito ulianza, daktari. Si mkubwa, lakini ulianza. Nikapunguza, haukuondoka. Nikatembea mpaka ukaondoka kabisa, ndipo nikakimbia tena. Wenzangu wakanipita wote."

"Mwanamke wewe, unajiharibia mwenyewe!" Khatib alikuwa karibu kulia. "Daktari ataka kusikia umemaliza, basi! Nilikwisha kukusemea!"

"Ulianzia wapi hasa?" nikamuuliza Mize. "Kupanda au kushuka?"

"Kushuka. Kupanda nilikuwa sijambo."

Niliuliza tena kwa namna nyengine, kama nilivyozoea kumuuliza, nikitafuta mahali pa kumkamata. Akajibu vilevile. Nikamgeukia Mwalimu Khatib, ambaye alikuwa tayari ameirudisha kalamu mfukoni.

"Muandike," nikamwambia.

"Aliyetembea?"

"Huyohuyo."